Fulana ya Bwana Ngoro

Bwana Ngoro huteremka kutoka Mbinga kila mwezi na gunia tupu, kufuata usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Kijiwe chetu cha Mbamba Bay kiko chini ya mwembe, na aliyekaa pale humwona kila anayeshuka kwenye gari kabla hajamaliza kubishana na konda. Siku hiyo gunia hatukuliona. Tuliona fulana. Zamani ilikuwa ya njano, sasa ina rangi ya chai ya maziwa. Uso wa mgombea umebanduka kwa kufuliwa, limebaki paji na jicho moja linalokukodolea, na chini yake maandishi: MBINGA MASH, kisha pengo, kisha 2010.

"Mzee, shikamoo," alisema Dogo Spidi, bodaboda wetu. "Hiyo Mbinga Mash ndiyo duka la nini?"

"Marahaba. Ni Mashariki, mjinga wewe. Jimbo langu hilo."

"Jimbo hilo halipo."

"Halipo vipi, na mimi nimelivaa?"

Tukacheka mpaka muuza kahawa akamwaga kikombe. Mwalimu Mstaafu hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, na sisi tunaomjua tukajua kipindi kimeanza.

"Dogo kasema kweli. Jimbo lako lilizikwa 2015, na hukualikwa matangani. Wilaya nzima ya Mbinga ilikuwa na majimbo mawili: Mashariki huko kwenu milimani kwenye kahawa, Magharibi huku kwetu ziwani. Mwaka 2012 sisi tukakatwa, tukawa Wilaya ya Nyasa. Ulipofika uchaguzi wa 2015 Magharibi ikaitwa Nyasa, na Mashariki yenu ikapasuliwa vipande viwili, Mbinga Mjini na Mbinga Vijijini. Wewe unakaa wapi?"

"Nyumba iko mjini, shamba liko kijijini."

"Basi una wabunge wawili."

"Na kahawa bei moja," alisema Bwana Ngoro, akaketi.

(Nimtetee kidogo huyu mzee. Mlima kahawa wa Kimatengo huchimba ngoro, vile vishimo vya kuzuia udongo usiteremke na mvua, wakulima wakirithishana kazi hiyo tangu enzi za mababu. Mtu wa namna hiyo hana haraka ya kubadili fulana kwa sababu Tume ya Uchaguzi imebadili ramani.)

"Huyo mwenye jicho moja kifuani ni nani?" aliuliza Mama Usipa, aliyekuwa anapima dagaa kwa kisado chake chenye kitako kilichobonyea kwa ndani.

"Kwa mwaka huo na jimbo hilo atakuwa Gaudence Kayombo," Mwalimu alijibu. "Aliishika Mashariki 2005 hadi 2015. Ilipopasuliwa, Mjini akaingia Sixtus Mapunda, Vijijini akaingia Martin Msuha. Mwaka 2020 wote wawili hawakurudi. Vijijini akaja Benaya Kapinga, Mjini akaja Jonas Mbunda."

"Ngoja," alisema Dogo. "Alitoka Mapunda akaingia Mbunda?"

"Ndiyo."

"Hapo mwandika mabango alifuta herufi mbili tu, akaongeza moja, akaenda kulala."

Sasa aliingia Mpambe. Mpambe wetu hana kazi inayojulikana, ila kila baada ya miaka mitano huwa na shati jipya na simu mbili. Aliagiza kahawa bila kutoa hela, akatangaza kwamba sote hatujui siasa.

"Mnahesabu Oktoba. Oktoba ni harusi, watu wanakuja kula pilau. Mchumba hutafutwa kwenye kura za maoni. Wote hao mliowataja ni CCM. Sasa ushindani ulikuwa wapi? Ulikuwa ndani! Mwaka 2010 kila mwenye kadi alipiga kura ya maoni, mtia nia akalazimika kuzunguka matawi mpaka viatu vikaisha soli. Mwaka 2020 wakapiga wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo, kura zikahesabiwa ukumbini mbele ya macho yao, na jina la mwisho bado likasubiriwa kutoka vikao vya juu."

"Hapo ndipo nchi nzima ilipojua wajumbe si watu wazuri," alisema Dogo.

"Mimi nilikuwa mjumbe," Mpambe alisema.

"Ndiyo maana nakwambia."

Mwalimu akagonga fimbo. Hapendi historia ianzie 2010. "Mnaongea kama vyama vingi ndivyo vilivyoleta ushindani. Mwaka 1965 nilikuwa darasa la pili. Chama kimoja, TANU, lakini wagombea ubunge wawili kila jimbo, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Chama ndicho kiliwaandalia mikutano, na walizunguka pamoja. Gari moja! Umebanana na mtu unayetaka kumwangusha, mnakula vumbi moja, mnashuka, mnapanda jukwaa moja. Na kuomba kura kwa kabila ilikuwa marufuku."

"Walisema nini sasa?"

"Walitangaza alama. Wa jembe: bila jembe utakufa njaa humo ndani ya nyumba. Wa nyumba: na hilo jembe lako usiku unalilaza wapi? Basi, kampeni imekwisha."

"Na watu walianguka kweli?"

"Waziri wa Fedha Paul Bomani aliangushwa kwake Mwanza. Waziri wa Fedha! Chaguzi 6 tulizipiga hivyo, 1965 mpaka 1990. Rais unamwambia Ndiyo au Hapana, lakini mbunge unamchagua kati ya wawili. Leo vyama vinakaribia 20, na Bwana Ngoro hapa amevaa fulana ya rangi moja tangu mfumo mpya uanze."

"Nyingine hawakunipa," alisema Bwana Ngoro. Na hilo, msomaji, ni neno zito kuliko linavyosikika. Upinzani huku haukuwahi kufika na fulana za kutosha.

Mama Usipa akatikisa kisado. "Nyie wa milimani mnataja akina Kapinga na Mbunda. Sisi tulikuwa na Kapteni."

Hapo hata Mpambe alinyamaza. Kapteni John Komba, mtoto wa Lituhi, mwanajeshi, mwimbaji, kiongozi wa Tanzania One Theatre. Nchi ilipomlilia Mwalimu Nyerere mwaka 1999, ililia kwa sauti ya Komba kwenye redio. Mwaka 2005 akawa mbunge wa Mbinga Magharibi. Mgombea mwingine hukodi kwaya. Yeye kwaya alikuwa nayo nyumbani.

"Alikuwa na maneno pia," alisema Dogo. "Si ndiye aliyesema kwenye Bunge la Katiba, 2014, Muungano wa serikali tatu ukipita ataingia msituni?"

"Ndiye. Nikajiuliza msitu upi," alisema Mwalimu. "Liparamba, au?"

"Serikali tatu hazikupita, na Kapteni hakuingia msituni. Alifariki tarehe 28 Februari 2015," alisema Mama Usipa. "Tukakaa bila mbunge mpaka Oktoba."

"Uchaguzi mdogo je?"

"Sheria haitaki," Mwalimu alisema. "Ikibaki chini ya miezi 12 Bunge livunjwe, kiti hubaki wazi."

"Miezi yote hiyo," Mama Usipa alisema polepole, "marehemu nilimlilia, Mungu amweke pema. Lakini kiti nacho... sikumbuki siku hata moja niliyopima usipa nikasema, leo pamepungua mbunge."

Mpambe akakohoa. Akaona heri apeleke mazungumzo mbele, kwa Mhandisi Stella Manyanya, aliyelichukua jimbo 2015 likiwa na jina jipya la Nyasa, akashinda tena 2020. Mwalimu akaongeza kwamba huyo ndiye aliyekuwamo kwenye kamati teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond, ile ambayo ripoti yake ya 2008 ilimng'oa Waziri Mkuu Edward Lowassa. Mama Usipa hakusema kitu, ila kisado kilichofuata alikijaza mpaka kikafanya kilima.

"Na lami ikaja," alisema Dogo. "Mbinga mpaka hapa, kilometa 66. Mimi naishukuru, nateremka mlima ule nikiwa naongea na simu."

"Lami hiyo aliipigia kura baba yangu akafa," alisema Bwana Ngoro. "Nikaipigia mimi. Masika ulikuwa ukilala njiani na gunia lako. Halafu mnaniambia ililetwa na mtu mmoja. Ililetwa na uzee wangu."

Mvuvi mmoja, aliyekuwa kimya akishona wavu, akainua kichwa. Akauliza jimbo lenyewe linaishia wapi. Mwalimu akamwambia katikati ya ziwa, kama serikali yetu inavyosema.

"Na Malawi wanasemaje?"

"Wao wanashika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890. Kwao mpaka ni ufukweni. Ule mzozo wa 2012 ulikuwa ndio huo."

Mvuvi akafikiri. "Kwa hiyo kwa ramani ya Malawi, mbunge wangu mwisho wake ni mchangani. Nikisukuma mtumbwi, nikilowa magoti, simo jimboni."

"Kwa ramani ya Malawi."

"Na kwa ramani yetu nimo mpaka katikati."

"Ndiyo."

"Mbona hajawahi kuja huko hata mmoja?"

Mpambe alisimama. Alisema ana kikao. Muuza kahawa akamwonyesha vidole viwili, vikombe viwili. Mpambe akamwonyesha kidole gumba. Bwana Ngoro akafunga gunia lake la usipa. Kabla hajapanda gari, Mama Usipa alimwuliza kama hiyo fulana ataitupa sasa, maana jimbo limekufa.

"Niitupe ina kosa gani? Jimbo limebadili jina, limebadili mipaka, chama ni kilekile. Bado ni mpya hii."

Ukipita Mbamba Bay, kijiwe kiko chini ya mwembe, kahawa chungu na kashata zipo. Atakufuata mtu mwenye shati zuri na simu mbili, atakuita mheshimiwa. Usimlipie.