Geji Imegoma kwenye 23

Friji letu lilikufa mwaka juzi, nikamwahidi mke wangu kwamba nitamleta fundi. Ahadi niliitimiza nusu. Fundi alikuja, akatoa gesi iliyosalia, akafungua kompresa, akanikabidhi mimi. Friji likabaki kabati la sahani.

Nina sababu. Mimi ni karani siku tano na mkereza mbao siku mbili, hapa Arusha. Anayekereza mabakuli anaijua dhiki ya kitako: ndani umelainisha, nje umelainisha, lakini chini pamebaki matundu ya skrubu zilizolishikilia bakuli kwenye mashine. Ukitaka kupasafisha lazima uligeuze, na bakuli lililokwisha kulainishwa halina pa kushikwa. Dawa yake ni ombwe. Unalifunika bakuli kwenye kipande cha bomba chenye mpira mdomoni, unanyonya hewa ya ndani kwa kompresa, kisha hewa ya nje inaligandamiza lisibanduke. Katika karne ya 17, Otto von Guericke wa Magdeburg, Ujerumani, aliunganisha nusu mbili za tufe la shaba, akanyonya hewa iliyokuwamo, na farasi waliovuta huku na huku wakashindwa kuzitenganisha. Nikasema, kama farasi walishindwa, patasi yangu ni nani?

Nikatafuta soketi ya bomba la plastiki yenye kipenyo cha sentimita 10. Beringi ya pikipiki, ili mpira wa hewa utulie wakati mhimili wa mashine unazunguka. Na geji ya mafundi friji. Mpira wa mdomoni nilikata kwenye ndala niliyoikuta nyuma ya mlango. Ilikuwa laini, nene kiasi, na kwa bahati mbaya ilikuwa na mwenyewe.

Kompresa ya friji ina mirija mitatu: wa kuvuta, wa kusukuma na wa kujazia gesi. Jumamosi ya kwanza nilichagua wa kusukuma. Bakuli badala ya kunata lilibanduka kwa mlio wa mtu aliyeshiba, na oili ya friji ikanipaka uso mzima. Mke wangu alichungulia, akasema, "Baba watoto, leo umejipaka mafuta bila kuambiwa," akarudi jikoni.

Nikabadilisha mrija. Geji ikapanda hadi 17, ikatulia. Kitabu changu kilisema pampu nzima hupita inchi 25 za zebaki bila taabu. Basi kuna panapovuja! Nikazungushia utepe mweupe wa mafundi bomba, nikapaka beringi grisi, nikamaliza silikoni. Mwisho nikakumbuka kwamba moshi hufuata hewa inakoingia, nikachukua udi wa mke wangu, nikaupitisha taratibu kila kiungo. Moshi ukaenda kuzama kwenye bakuli lenyewe! Mbao za jakaranda zina vinyweleo, na bakuli langu lilikuwa likipumua kama mtu aliyelala. Nikalipaka vanishi. Geji ikapanda hadi 23, ikagoma hapo.

Jirani akaita kutoka ng'ambo ya ua, "Shemeji, harufu ya udi hiyo! Kuna harusi hatukualikwa?"

"Hapana, shemeji," mke wangu akajibu. "Inafukizwa kompresa."

Kwa Jumamosi tatu niliisaka ile inchi ya 25. Siku ya tatu binti yetu wa kidato cha tatu akasimama mlangoni na daftari la fizikia.

"Baba, hapa tuko mita ngapi kutoka usawa wa bahari?"

"Kama 1,400."

"Basi hewa yenyewe ya hapa ni kama inchi 25 tu. Karibu 30 ni huko pwani. Unataka pampu ivute hewa ambayo Arusha hatunayo."

Nilitazama mirija mitatu mitupu ya silikoni. Akaendelea kupiga hesabu: kwa mdomo wa sentimita 10, hiyo 23 inatosha kugandamiza kwa zaidi ya kilo 60. Mfuko wa saruji na sukari kilo 10 juu yake! Nilikuwa nimefaulu siku nyingi bila taarifa.

Nikawaita wote washuhudie. Bakuli likashika, mashine ikazunguka. Kitabu kilionya kwamba ule mkono wa nyuma unaoliegemeza bakuli uondolewe dakika ya mwisho kabisa, lakini huwezi kuringa mbele ya watu huku umeegemezwa. Nikauondoa. Ndipo mke wangu alipoingia, mguu mmoja una ndala, mwingine hauna kitu. Akaitazama mashine. Akautazama ule mpira wa bluu mdomoni mwa bomba.

Umeme ukakatika. Kwa nusu sekunde nilishukuru. Kisha kompresa ikanyamaza, hewa ikarudi kwake kupitia kila kiungo nilichokipaka silikoni, na bakuli, ambalo halikuwa limeambiwa kwamba umeme hakuna, likaendelea kuzunguka peke yake. Likadondoka, likajigonga sakafuni, likaviringika hadi kwenye ule mguu mtupu.

Lilipasuka ufa mmoja, kutoka ukingoni hadi kwenye matundu ya skrubu, ambayo yapo mpaka leo. Mke wangu aliliinua, akaupitisha ukucha kwenye ufa, akaenda nalo jikoni. Sasa anaweka vitunguu humo. Anasema ndilo bakuli pekee la nyumba hii linalofaa, maana vitunguu bila hewa huoza.