Rosa Hakujiharibu Mwenyewe

Mfyuu! Yaani mpaka leo kuna mtu mzima anasema Rosa Mistika ni kitabu kichafu? Kitabu kilichotoka 1971! Hebu sogeeni hapa kwenye benchi, na wewe wa kahawa usiondoke kwanza.

Waliokisoma kwa kuvizia kurasa za mapenzi wamezikariri hizo tu. Nawauliza: Zakaria mmemweka wapi? Baba mlevi wa Namagondo, kule Ukerewe, anayemlea binti yake Rosa kwa kipigo. Barua moja tu ya kijana Charles, mtoto anapigwa kama mwizi wa kuku. Hakuna aliyemkalisha chini akamweleza mwanamume ni nani, anasema nini akitaka kitu, na akishakipata anakuwaje. Kafundishwa kuogopa, basi. Anapotoka nyumbani kwenda kusoma, hana hata ngao moja.

Na waliomharibu ni nani? Si wahuni wa stendi, ndugu zangu. Ni watu wa vyeo na mishahara, mmoja wao mkuu wa chuo! Mtu aliyekabidhiwa mabinti wa watu. Baadaye Rosa ametubu, ametulia, ni mwalimu, Charles anataka kumuoa. Kugundua tu kwamba si bikira, anamwacha. Rosa anajiua. Loh! Kuna aliyemuuliza Charles kama yeye alikuwa bikira?

Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, alizaliwa hukohuko Namagondo, na alipoyaandika haya alikuwa hajafika miaka 30. Hakuyatunga ili kumchafua msichana. Alikuwa ananyoosha kidole kwa baba na kwa wakubwa. Wakubwa wakafanyaje? Wakakipiga kitabu marufuku shuleni. Kilikuja kuruhusiwa baadaye, kikafundishwa, lakini ile tabia ya kumlaumu Rosa haikuondoka na marufuku.

Msiniambie ni mambo ya kale. Binti akipata mimba hapa Tanzania alikuwa anafukuzwa shule, miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa: anayempa mwanafunzi mimba afungwe miaka 30. Sawa, nakubali. Lakini nyinyi mnajua yanayofanyika mitaani. Wazee wa pande mbili wanakaa, pesa inatoka, mbuzi anachinjwa, kesi inakosa shahidi. Tumbo la mtoto wa watu ndilo haliwezi kufichwa. Juni 2017 Rais Magufuli akatamka hadharani kwamba katika utawala wake mwenye mimba harudi shule. Na hapa kijiweni palipigwa makofi, nilikuwepo. Nilisonya mpaka mate yakanikauka. Ni Novemba 2021 ndipo serikali iliporuhusu wasichana hao warudi kwenye shule za kawaida. Pigeni hesabu: miaka 50 baada ya Rosa.

Miaka yote hiyo, wangapi walikuwa na akili ya kuwa wauguzi na walimu, wakaishia kuuza maandazi na mtoto mgongoni, huku baba wa mtoto akiitwa mheshimiwa?

Wewe mzee unayekificha kitabu hiki ili binti yako asikione, kifungue wewe kwanza. Soma polepole pale Zakaria anapompiga mwanawe. Kisha mpe binti asome, mkae mzungumze. Na mtoto wa kiume naye mpe, kwa sababu huyo ndiye Charles wa kesho.