Jinsi ya Kubeba Sambaza na Fanta Kutoka Kamembe Bila Kuaibika

Ewe mgeni uliyeshuka basi la Kigali sasa hivi, miguu bado ikitetemeka kwa kona za Nyungwe, karibu Kamembe. Njaa unayo, inaonekana. Hela unayo, simu unayo, na kichwani una wazo ulilokuja nalo kutoka mjini: utaingia mkahawani, uagize sambaza wa kukaanga na ndizi, uongeze kinywaji baridi, ufungiwe vyote viwili pamoja, kisha uteremke Cyangugu ukale kando ya ziwa huku ukitazama taa za Bukavu zikiwaka ng'ambo. Wazo ni zuri. Wengi waliokutangulia walikuwa nalo, na mwongozo huu umeandikwa kwa heshima ya mashati yao.

Tuanze na kuagiza, maana hapo hatari bado ni ndogo. Soda yoyote hapa ni Fanta. Ukisema "nipe Fanta" utaulizwa Fanta gani, nawe unaweza kujibu "Fanta Coca" na hakuna atakayecheka. Sambaza nao usiwaite dagaa, hata kama umezaliwa Kigoma na macho yako yanakuambia hao ni jamaa zako. Ni kweli ni jamaa zako. Mababu zao walitolewa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakamwagwa Ziwa Kivu, wakazaana, na leo kila usiku usio na mbalamwezi wavuvi huwafuata kwa taa, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu. Hebu ifikirie safari ile ya kwanza: samaki na maji yao ndani ya chombo kimoja, na wakafika wazima. Tangu siku hiyo sijasikia mtu mwingine aliyebeba chakula na kinywaji pamoja katika njia zetu akafanikiwa kiasi kile.

Basi umeshaagiza, na umeshatamka yale maneno: "Mama, nifungie niondoke navyo." Mama mwenye mkahawa hatakujibu. Atakutazama mikono, na hatafuti pete.

"Chombo yako iko wapi, yaya?"

Usimsahihishe ngeli. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini katika soko la Kamembe kilikuwa rasmi siku nyingi, na hakikumwomba mtu ruhusa. Shughulika na swali. Huko ulikotoka chombo hutoka kwa muuzaji. Hapa chombo hutoka nyumbani kwako, ukaja nacho, kama viatu.

Wala usisimame pale ukingoja achomoe sashe chini ya meza. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku Rwanda kwa sheria ya mwaka 2008, miaka 9 kabla ya Kenya na 11 kabla ya Tanzania. Mwaka 2019 ikaja sheria nyingine ikazikumba plastiki za kutumiwa mara moja, mirija na vikombe na jamaa zao wote. Kile kisanduku cheupe cha povu ambacho kule Dar es Salaam huitwa tekawei, usikitegemee. Ng'ambo ya mto Rusizi, Bukavu ya Kongo, andazi moja linaweza kupewa sashe yake peke yake. Huku neno lenyewe husemwa kwa sauti ya chini, kama jina la mjomba aliyefungwa. Mgeni akivuka daraja la Rusizi ya Kwanza na njugu zake ndani ya sashe, ataingia Rwanda na njugu.

Utapewa kaki, basi. Mfuko wa karatasi, rangi ya udongo, sura ya kiofisi. Mkate ndani ya kaki ni salama, na sambusa iliyopoa pia. Lakini sambaza wa moto na mafuta yao ni jambo jingine. Mwanzoni kaki hushika vizuri na wewe unatembea kifua mbele. Ukifika kwa mafundi cherehani, doa la kwanza limejitokeza, dogo kama sarafu. Ukifika stendi, kaki inang'aa, na ukiinyanyua juani utahesabu samaki mmoja mmoja bila kuifungua. Kuna wajuaji wanaoomba kaki mbili, moja ndani ya nyingine. Kaki mbili ni kaki moja iliyochelewa.

Sasa ongeza kinywaji, upate balaa kamili. Chupa iliyotoka kwenye friji, ikikutana na joto la sambaza, huanza kutoa jasho. Jasho hilo ni maji, na maji huilainisha karatasi kuanzia chini, wakati mafuta yanaishambulia kuanzia pembeni. Hivyo kinywaji kinapashwa moto na chakula, chakula kinalowanishwa na kinywaji, na kaki iliyovibeba vyote viwili ndiyo inayokufa. Kitako hakichaniki kwa onyo. Huachia mara moja, na kwa kawaida huachia mbele ya watu unaowaheshimu.

Marekani, nasikia, watu werevu wamekesha wakilitafutia dawa jambo hili. Wametengeneza trei ya karatasi nzito yenye mashimo manne, kila shimo na kikombe chake. Wengine wameweka bakuli la vibanzi juu ya kikombe cha soda, mrija ukipenya katikati, ukawa unakula ghorofani na kunywa chini. Nimelitazama wazo hilo kwa wema wote. Lakini limejengwa juu ya gari. Kikombe kimepimwa kulingana na tundu lililo kando ya kiti cha dereva, na kimekusudiwa mtu aliye peke yake, anayekula akiendesha, atakayetupa kila kitu kwenye pipa la kwanza atakalokutana nalo. Pikipiki ya motari wetu haina tundu. Ina wewe, kofia yake ya kukuazima, na mteremko wa kutoka Kamembe hadi Cyangugu, ambao ukiwa na mkono mmoja tu wa kujishikia utakukumbusha sala zote ulizofundishwa utotoni.

Kisha liko suala la chupa, na hapa naomba usome polepole.

Fanta ya chupa ya kioo inayo mipaka yake. Kinywaji umekinunua. Chupa hukuinunua. Chupa ni ambalaji, ina mwenyewe, na mwenyewe anaijua idadi ya chupa katika kreti zake kuliko umri wa wanawe. Ukitaka kuondoka nayo una njia tatu: uje na chupa tupu ya kubadilishana, uache pesa ya amana, au ufahamike. Njia ya tatu ndiyo bora, ila huchukua miaka. Usimwambie "nitairudisha, mama." Kila aliyeondoka na chupa alisema hivyo, kwa uso huohuo wa ukweli ulio nao wewe sasa. Mgeni mwenye haraka huishia kusimama kaunta akiinywa yote kwa mkupuo mmoja, macho yakimtoka machozi ya gesi, kisha anaondoka na samaki peke yao, wakavu, na kiu inaanza upya njiani.

Tuseme umefaulu. Una samaki, una chupa, na njaa imekushika hata kabla hujafika ziwani. Usile. Nasema tena: usile ukitembea. Mtu mzima kutafuna barabarani katika nchi hii ni kama kuvaa shati ndani nje. Hutakamatwa, ila utatazamwa, na habari itafika ulikofikia kabla yako. Kwa hiyo chombo kizuri hapa kina kazi ya kuficha pamoja na kazi ya kubeba. Vile vyombo vya mfuniko angavu, vinavyosifiwa kwingineko kwa kuonyesha kilichomo, hapa vingekuwa matangazo ya aibu yako.

Jani la mgomba nalitaja kwa kifupi kwa kuwa halihitaji mtetezi. Lipitishe juu ya moto mpaka lilegee na kung'aa, halitapasuka tena likikunjwa, na maji hayapiti. Kasoro yake moja ni kwamba Fanta haifungiki ndani yake.

Nijitolee mimi mwenyewe kuwa mfano, ili usinione nacheka wengine tu. Nilikuwa nampelekea shangazi yangu zawadi Kigali. Nikanunua sambaza wa kukaanga, nikawaweka ndani ya bakuli la bati lenye mfuniko. Nikanunua na urwagwa, pombe ya ndizi, lita tatu ndani ya bido, yaani dumu, la manjano. Nililifunga kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikaweka na karatasi chini yake ili kisipenyeze hata tone. Bido na bakuli vikakaa ndani ya kapu moja, vimebanana kama ndugu. Nilijiona nimevumbua kitu.

Nilichosahau ni kwamba urwagwa uliokuwa ndani ya bido ulikuwa bado unaendelea na kazi yake. Pombe changa hutoa gesi kama mtoto anavyotoa maswali. Sasa tazama njia yenyewe. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara inapita mashamba ya chai, inaingia Nyungwe, na kabla hujamaliza kujifunga sweta umevuka mita 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi, haisukumi kifuniko kama ilivyokisukuma chini. Ndani gesi inaongezeka, nje hewa inapungua, na kila kona basi linalitikisa bido kama mganga anavyotikisa kibuyu. Tulikuwa tumeshawapita nyani wa kwanza, wale wanaoketi kando ya lami kama askari wa barabarani, niliposikia mlio mfupi, "po!", na kapu likanyanyuka kidogo kwenye magoti yangu.

Sitayaeleza yote. Mbele yangu aliketi mzee mwenye suti ya kijivu, safi, ya mtu anayekwenda kuonana na wakubwa. Aligeuka taratibu. Kola yake ilikuwa inatiririka. Akanusa, akafikiri, kisha akaniuliza kwa upole: "Umenunua wapi, mwanangu?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu anayejua. "Ungelegeza kifuniko," akasema. Zamani, alinieleza, kibuyu kilizibwa kwa jani lililokunjwa, likaacha pombe ipumue. Hizi skurubu za plastiki ndizo zilizotuletea kiburi. Katikati ya msitu ule basi halisimami kwa sababu ya pombe ya mtu, kwa hiyo tulinukia harusi mpaka Huye. Shangazi alimwonja sambaza mmoja, akanitazama, akasema samaki hawa wamekufa mara mbili.

Kwa hiyo: kifuniko cha urwagwa kilegezwe. Ikivuguto vivyo hivyo, maziwa yale ya mgando yana roho ileile. Kuhusu chai ya termosi sina malalamiko.

Ukikaa wilaya hii ya Rusizi wiki moja na kuacha kuuliza, utakiona chombo chenyewe ulichokuwa unakitafuta. Kinapita mbele yako kila siku kuelekea darajani. Ni beseni juu ya kichwa cha mama. Chini yake ngata ya kitambaa. Ndani, bakuli la chakula limefungwa kwenye kitenge, fundo juu. Kando ya bakuli chupa mbili zimelazwa na kuegemezwa kwa kitambaa kingine ili baridi na moto visigusane. Juu ya vyote sahani imefunika. Mama huyo anashuka ule mteremko uliokunyima usingizi, anaongea na mwenziwe, anamfokea mtoto, anatafuta hela ndani ya pindo la nguo, na hakuna kinachomwagika. Bugarama, kule bondeni kwenye mashamba ya mpunga, ndoo yenye mfuniko hufanya kazi hiyohiyo wakati wa mchana. Nimesoma kwamba Mumbai, tangu mwishoni mwa karne ya 19, kuna watu kazi yao ni kuchukua vyombo vya chakula majumbani, kuvifikisha maofisini, na alasiri kuvirudisha vitupu kwa wenyewe. Hiyo ya kurudisha ndiyo waliyoiacha wale wa trei yenye mashimo manne.

Ila nikuonye. Siku moja mama fulani atakuonea huruma. Ataona unavyohangaika na kaki yako, atasema, "Leta hapa, yaya," atachukua ndoo yake mwenyewe, atapanga samaki, atapanga Fanta, atakufunikia, na atakuambia nenda. Hatakuandikisha popote wala hatachukua amana. Utaona umepata bure. Utakula kando ya ziwa ukiwa mkavu kabisa, kwa mara ya kwanza, taa za Bukavu zikiwaka.

Ndoo ya jirani hairudi tupu.

Yangu ipo hapa mlangoni tangu Jumatatu, nyeupe, mfuniko wa bluu, mpini umefungwa waya. Wiki iliyopita niliirudisha na maparachichi, naye jirani siku ileile akairudisha kwangu na maharage. Nikapeleka sukari kilo moja, ikaja na viazi vitamu. Kesho ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, siku ya kazi za pamoja za jamii. Maduka hayafunguliwi mpaka saa tano, na ndani mwangu nimebaki na chumvi na nusu ya kitunguu. Amepita asubuhi hii, amenisalimia vizuri, na ameitazama ndoo.