Hapo, Huko na Humo: Uainishaji wa Awali wa Kijana Mkristo wa Galu

Mbega wa Diani wana bahati yao. Kila mwaka hufanyiwa sensa, wamejengewa madaraja ya kamba juu ya barabara ya ufuoni wasije wakagongwa na matatu, na lipo shirika zima, Colobus Conservation, linaloamka kwa ajili yao. Kiumbe mwingine wa makazi hayohayo, Mkristo wa miaka 13 hadi 19, hana anayemhesabu ila mzee wa kanisa mwenye daftari mlangoni, ambaye humtia safu ya "watoto" au ya "watu wazima" kulingana na urefu aliokuja nao siku hiyo. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo la kitaaluma.

Eneo la utafiti ni Galu, kusini mwa Diani, ambako hoteli zinaanza kuachiana nafasi, na tiara za wachezaji wa kaitesafu zinajaa angani, hadi unapoukaribia msitu wa Kaya Kinondo. Mbinu iliyotumika ni kuketi benchi la nyuma na kunyamaza. Watafiti waliotutangulia, wengi wao wenyeviti wa kamati, walishindwa hapo pa kunyamaza.

Uainishaji wa zamani uliwagawa vijana mafungu mawili: waliookoka na wasumbufu. Udhaifu wake ni kwamba mtu yuleyule huweza kuhama fungu kati ya sala ya kufungua na matangazo. Tumeuweka kando, tukaazima mfumo ambao kila aliyepitia darasa la Kiswahili nchini Kenya anaujua kwa viboko: ngeli ya mahali, PA-KU-MU. PA ni mahali dhahiri, unaweza kupaonyesha kwa kidole. KU ni huko, kusikojulikana vizuri. MU ni ndani.

Kijana wa PA hana utata, kwa hiyo hatutamkawiza msomaji. Yuko pale kwenye mashine ya sauti, au kinanda, au projekta, au ana viti vya plastiki sita kichwani. Alama yake bainifu ni funguo. Kanisa linampenda. Akikosa Jumapili moja hupigiwa simu kabla ya neema kutolewa, na anayepiga huuliza waya wa maikrofoni uliwekwa wapi. Tangu ajue kuunganisha spika, hajaulizwa swali lingine.

Kijana wa KU ndiye anayehitaji darubini. Ukimuuliza mama yake, ameenda kanisani. Ukiuliza kanisani, yuko nyumbani. Kuna dhana iliyoenea, hasa miongoni mwa watu waliohamia kutoka bara, kwamba anayempoteza ni bahari. Ushahidi haukubaliani nayo. Bahari ilikuwapo miaka yote ambayo kijana huyo alikuja kanisani akiwa ameshikwa mkono.

Kalenda inaeleza zaidi. Huku Galu mishahara mingi inatoka hotelini, na Desemba ndio msimu wa wageni. Krismasi yenyewe baba yuko jikoni anapanga bafe, mama yuko zamu ya mashuka, na mtoto anapewa nauli ya tuktuk akaiwakilishe familia ibadani. Pasaka vivyo hivyo. Kisha masika hufika, hoteli zinapunguza watu, wazazi wanashinda nyumbani siku zote saba, na huo ndio wakati mahubiri ya fungu la kumi yanapokolea. Mtoto aliyekaa peke yake Krismasi tatu mfululizo, halafu akamwona baba yake akiinamisha kichwa mwezi Mei, hahitaji kudanganywa na mawimbi.

Tulimfuata huko. Asubuhi moja ya upepo wa kusi, maji yamekupwa na mwani umelala mchangani, vijana watatu walikuwa wameketi juu ya ngalawa iliyopinduliwa, viazi karai kwenye gazeti katikati yao, ukwaju ukivuja. Wawili Wakristo, mmoja Mdigo Mwislamu, wote wa shule moja. Mwislamu ndiye aliyeanza.

"Hebu niambie, Mungu wenu ni mmoja au ni watatu?"

"Mmoja."

"Na Yesu?"

"Ndiye huyohuyo."

"Sasa pale msalabani alikuwa akimwita nani?"

Hakuna aliyecheka wala aliyekasirika. Kiazi kimoja kilibaki mkononi mwa mtu muda mrefu. Ieleweke kwamba katika kaunti yetu ya Kwale, yenye Waislamu wengi, swali hili si uchokozi. Ni mazungumzo ya majirani ambao mwezi wa Ramadhani watakula futari pamoja. Lakini pande mbili hazina silaha sawa. Yule mmoja alipelekwa madrasa tangu mdogo na anajua amefika juzuu ya ngapi. Mkristo akiulizwa amefika wapi hujibu, "Nilishapata kipaimara," kwa sauti ya mtu aliyemaliza kulipa mkopo. Somo la dini ya Kikristo shuleni (CRE) nalo limemfunza kutaja sababu sita za jambo lolote ili apate alama sita, na swali la ngalawani halikuomba sababu sita.

Mmoja wa wale wawili alilipeleka swali kwa mzee wa kanisa.

"Bwana asifiwe, mzee."

"Amina, mwanangu."

Akauliza. Mzee akafikiri, akasema, "Nani amekuambia mambo hayo?"

"Rafiki yangu."

"Rafiki gani?"

Jumapili iliyofuata tulihubiriwa kuhusu marafiki wabaya.

MU sasa. Huyu yumo. Mwili umo, viatu vimo, simu imo ndani ya Biblia, na wakati mwingine Biblia imo ndani ya simu, hali inayotatiza sana wanaosimamia nidhamu. Husimama wanaposimama wengine. Mtazamaji wa haraka atamwona amepoa, na hapo atakuwa amekosea, kwa kuwa MU ndiyo ngeli yenye maswali mengi kuliko zote. Anawaza hivi: Bibi yangu upande wa Kinondo anafungwa kaniki kiunoni anapoingia kaya, ule msitu mtakatifu, na msitu huo uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2008. Je, UNESCO imeorodhesha mashetani? Kwa nini mheshimiwa anaketishwa mbele? (Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit aliwapiga marufuku wanasiasa kuhutubia kanisani mwaka 2021, na katika maandamano ya vijana ya Juni 2024 neno hilo likabebwa barabarani, lakini kiti cha mbele kina mizizi.) Na je, nikifunga, nitajuaje kwamba ni Mungu na si njaa?

Swali hilo la mwisho hapa Pwani halichekeshi. Tangu Aprili 2023 zaidi ya miili 400 imefukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, watoto wakiwamo, na mashtaka yanadai kwamba waliomfuata mhubiri Paul Mackenzie walifundishwa kujinyima chakula hadi kufa. Mzazi wa Galu hahitaji kuelezwa mara ya pili. Kijana asiyetaka kuomba anaitwa mpotevu. Anayeomba ruhusa ya kwenda kesha anafichiwa viatu. Ninawaelewa wazazi hao, mimi pia ningevificha. Ila baada ya kuvificha, mtu angeketi na mtoto amuulize alikuwa anaenda kutafuta nini huko usiku.

Upande wa tiba, kanisa lina dawa moja: semina ya vijana, mara moja kwa mwaka, mada ni uhusiano kati ya wavulana na wasichana. Mnenaji hutoka Mombasa. Feri ya Likoni humchelewesha, afike saa saba mchana vijana wakiwa wameshakula wali na wanasinzia, atumie dakika ishirini kusimulia feri na kumi zilizobaki kwa urefu wa sketi. Mada ya pili, nayo tunayo kwenye kumbukumbu, ni simu.

Liliwahi kufanyika jaribio moja la kisayansi, japo hakuna aliyelipanga. Makanisa yalipofunguliwa Julai 2020 baada ya kufungwa kwa ajili ya korona, masharti yalikuwa watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na wenye umri chini ya 13 au zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Msomaji ayapime matokeo. Kwa mara ya kwanza kijana wa miaka 14 alistahili kuingia na mzee wa kanisa hakustahili. Tulimwona msichana wa kidato cha pili akisoma somo, akipitisha kapu la sadaka na kupuliza dawa mikononi mwa watu, na saa moja ilipotimia akaondoka na Biblia yake. Paa halikuanguka. Masharti yalipolegezwa wazee walirudi, na msichana akarudishwa MU.

Hitaji la kiroho la ngeli zote tatu, kadiri tulivyoweza kulipima, ni dogo na halina bajeti: mtu mzima mmoja anayeweza kusema "hilo silijui, tulitafute" bila kwanza kuuliza nani amekutuma. Tulipoliwasilisha, kamati ilitaka makadirio ya gharama. Tukashauri sanduku la maswali badala yake, na hilo likapita, kwa kuwa sanduku linaonekana.

Likawekwa mlangoni, mbao nzuri ya mwembe, tundu juu. Vijana walilijaza, hata wa KU, ambao hatukujua walipita saa ngapi. Kwa bahati mbaya lilifanana na lile la sadaka, na baada ya ibada wahesabuji walilibeba pamoja na kapu. Ripoti ya mweka hazina ya mwezi huo inaonyesha chini ya "Sadaka nyinginezo" karatasi kadhaa zilizokunjwa, thamani sufuri. Kamati ya ujenzi imeagiza sanduku jipya lenye kufuli, na kijana wa mashine ya sauti ameombwa alitengeneze kabla ya Jumapili.