Mwalimu Ngamia

Kituo cha Elimu ya Wanyamapori cha Entebbe, Uganda, kilichoanza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima, humwonyesha mwanafunzi wa Chakol, Busia ya Kenya, aliyevuka mpaka, ndege mwenye mdomo mpana kama kiatu, ambaye husimama kimya kwa muda mrefu kana kwamba anamvizia kamongo, ilhali ngamia wa kupandwa kwa malipo ndiye mwenye foleni. Wasimamizi wa bustani za wanyama hutetea burudani kwa hoja kwamba hugharimia elimu, yaani ada ya mchezo humlisha mnyama anayefundisha. Hoja hiyo ni nzito, ila mtoto aliyekulia juu ya bodaboda, usafiri uliozaliwa Busia kwao, hahitaji kufika Entebbe ili atikiswe na ngamia, na akiulizwa alichojifunza atajibu kwa ufasaha kwamba mwalimu alikataa kushuka kwenye ngamia.