Panapofuka Moshi Hapana Neno

Mtu wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, akitangaza mbele ya ukoo kwamba likizo ya mwaka huu haendi ufukweni Resha bali anakwenda New Zealand kuteleza kwenye theluji, atasikilizwa kwa heshima mpaka atakapotaja kuwa theluji yenyewe iko juu ya volkano iliyo hai. Hapo heshima huisha. Shangazi atauliza moto ukitoka atakimbilia wapi, mjomba atakumbusha yaliyoupata mji wa Goma nchini Congo, na kijana mmoja aliyesoma atafungua simu awaonyeshe wote picha. Hakuna atakayeuliza habari za magoti. Mimi nadai kwamba ukoo unaogopa kitu kisicho chake. Katika safari ya namna hii volkano ndiyo yenye adabu kuliko wahusika wote, na safari ikiharibika, itaharibiwa na kitu kisichotoa moshi.

Mlima wenyewe ni Ruapehu. Una urefu wa mita 2,797, kileleni una ziwa la maji ya moto yenye tindikali, na kwenye mitelemko yake ya Whakapapa na Tūroa wenyeji wamejenga vituo vya kuteleza kana kwamba ziwa hilo ni birika tu limesahauliwa jikoni. Historia yake si ya kuchezea. Usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1953 ukingo wa ziwa ulibomoka, tope likashuka mtoni na kuliharibu daraja la reli la Tangiwai dakika chache kabla ya treni kufika. Watu 151 walikufa. Milipuko ya 1995 na 1996 iliharibu misimu ya watelezaji. Septemba 25, 2007, mlima ulilipuka usiku bila hodi, na mpandaji mmoja aliyekuwa amelala katika kibanda karibu na kilele alipondwa mguu na jiwe. Lakini tazama wenzetu walivyoishi na jirani huyo. Wameweka vipimo na ving'ora, na kila mtelezaji anaelezwa kwamba king'ora kikilia atoke bondeni apande mgongo wa mlima ulio karibu, kwa sababu tope hufuata mabonde. Basi. Maelekezo hayo yanatosha nyuma ya tiketi. Na kampuni iliyokuwa ikiendesha vituo hivyo ilikufa kwa nini? Oktoba 2022 iliwekwa mikononi mwa wasimamizi, Juni 2023 ikaingia kwenye ufilisi, na mlima haukuhusika hata kidogo. Ilimezwa na madeni, masharti ya Uviko, na msimu ambao theluji ilikataa kuja. Kampuni ilijenga juu ya moto kwa miongo mingi, ikauawa na ukosefu wa baridi.

Msafiri wetu naye atauawa, kwa maana ya kifedha na ya kiheshima, na mambo ya namna hiyohiyo. Koti si tatizo. Makoti ya theluji yamejaa kwenye marobota ya mitumba, na alfajiri utawaona vijana wa pikipiki wameyavaa, zipu mpaka kidevuni, wakingojea abiria katika nyuzijoto ambazo mtu wa Ruapehu angeziita kiangazi. Tatizo linaanza miguuni. Kiatu cha kuteleza ni ganda gumu la plastiki linalobana mpaka juu ya kifundo na kukulazimisha usimame umepinda magoti, na mtu aliyezoea kandambili mwaka mzima atatembea nacho kama anayedaiwa. Kisha inakuja fomu ya kukodi vifaa. Fomu hiyo inauliza uzito wako, urefu, umri, na kama wewe ni mwanafunzi au hodari. Haiulizi kwa udaku. Majibu hayo ndiyo yanayotumika kukaza kile kifungio kinachoshika kiatu kwenye ubao, ili ukianguka kikuachie kabla goti halijazunguka upande ambao Mungu hakulikusudia. Sasa kwetu unene ni neema, tena ni ushahidi kwamba nyumbani kunaliwa vizuri. Mtu atakayejiongezea kilo kumi kwa ajili ya heshima, kisha akajiandika hodari kwa sababu dada wa dukani anamtazama, atakaziwa kifungio sawasawa na uongo wake, naye akianguka ubao hautamwachia. Goti halijui protokali. Ruapehu inaweza kukaa miaka bila kulipuka, lakini fomu hiyo inajazwa kila asubuhi.

Yupo atakayepinga kwamba yote haya ni gharama ya bure, maana milima tunayo wenyewe. Hoja nzuri, ila tuipeleke uwanjani. Nyiragongo, volkano ya Goma, ina moto wa kutosha, lakini kwa mita zake 3,470 inakupa baridi ya kutetemesha meno bila theluji ya kutelezea, nayo hali ya usalama upande huo si ya kupangia likizo. Oldoinyo Lengai kule Tanzania, karibu na Ziwa Natron, inadanganya macho: lava yake hutoka nyeusi, ikipata unyevu inageuka nyeupe, na ukiitazama kwa mbali unaweza kuapa kuwa kilele kimefunikwa theluji. Ni magadi. Kilimanjaro ndiyo yenye sifa zote mbili, kwani ni volkano, ingawa imelala, na skii zimewahi kufika huko: mwaka 1912 Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo na kushuka wakiteleza, na barafu moja ya kileleni ina jina la Furtwängler mpaka leo. Lakini barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka huohuo wa 1912. Mtu wa Rumonge akichelewa kuweka akiba, atafika Kibo na mbao zake begani akute mawe. Hata hapa, ona, kilichoharibu mpango si mlima kuamka.

Pingamizi la mjomba kuhusu Goma ndilo zito, na halistahili mzaha. Lava ya Nyiragongo iliua watu mwaka 1977 ikishuka kwa kasi ya kutisha, Januari 17, 2002 ikapita katikati ya mji mpaka ziwani na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege, na Mei 22, 2021 ikashuka tena jioni watu wakiwa majumbani. Mjomba akiishia hapo, ameshinda. Lakini tuulize kwa nini 2021 watu hawakuonywa. Goma ina kituo cha uchunguzi wa volkano chenye wanasayansi wanaoujua mlima huo vizuri kuliko mtu yeyote. Ufadhili uliokuwa ukikisaidia ulikwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kituo hakikuwa na fedha za kulipia hata intaneti ya kuleta takwimu kutoka kwenye mitambo iliyoko mlimani. Huenda mlima ulikuwa unaongea miezi hiyo. Bando ndilo lililokuwa limekwisha. Kwa hiyo mfano wa Goma haumkatazi mtu kwenda Ruapehu. Unamwambia kwamba kabla ya kuuliza mlima una hasira kiasi gani, aulize anayeusikiliza amelipwa au hajalipwa, na swali hilo New Zealand lina jibu zuri.

Linabaki la shangazi: abaki nyumbani, nyumbani ni salama. Shangazi anasema hivyo akiwa amekaa juu ya ufa. Bonde la Ufa la Magharibi linaloibeba Nyiragongo ndilo linalolibeba Ziwa Tanganyika, kina chake mita 1,470, na ardhi chini yake haijatulia: Desemba 5, 2005 ilitikisika kwa kipimo cha 6.8. Chemchemi za maji ya moto za Mugara, wanakokwenda watu wa Rumonge kuoga viungo vikiuma, nadhani hakuna aliyekwenda kuzichemsha kwa kuni. Lakini hata hayo tuyaache, maana mimi mwenyewe nimesema moto si hoja. Hoja ni maji. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, ng'ambo kule Kalemie nchini Congo, na maji yake mengi huondoka kwa kuvukizwa na jua. Mvua ikizidi kwa misimu mfululizo, ziwa halina pa kwenda isipokuwa kwako. Ndivyo lilivyofanya mwaka 2021, na tena 2024: halikunguruma, halikutoa moshi, lilipanda taratibu kila siku kidogo, likaingia mitaa ya chini ya Rumonge, likazilaza nyumba, likala fukwe ambazo watu walikuwa wakilipia kivuli cha mwavuli. Wavuvi wa ndagala waliendelea kutoka na taa zao usiku. Watalii ndio waliokosa mchanga. Hakuna king'ora kilicholia, kwa sababu hakuna anayeweka king'ora kwa kitu kinachopanda polepole hivyo. Ruapehu ikitaka kufungwa hutangazwa, na mwenye tiketi anaweza kuulizia fedha zake. Ila anayekubali ushauri wa shangazi na kupiga simu kuagiza chumba hapa hapa ufukweni, kabla hajauliza bei wala kama mukeke wa kuchoma upo, aulize kwanza kama chumba bado kiko nchi kavu.