Ukarimu wa Maktaba

Wapo wanaonung'unika kwamba maktaba zetu hazina vitabu. Hawajapita Mtaa wa Samora, Dar es Salaam. Juzi, chini ya rundo la miongozo ya mitihani, nimeokota kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, kurasa zimekolea kama chai ya mkandaa, na ndani muhuri wa zambarau umetulia: MALI YA MAKTABA. HAIUZWI. Nikauziwa elfu tano. “Mzee wangu, hiki orijino,” muuzaji akaniapia, “kimetoka huko huko.”

Nampa heko mkutubi aliyeona mbali. Wenzetu Uingereza vitabu vikuukuu huvifungia ndani, na ukiruhusiwa kukiona kimoja, kinalazwa juu ya mto kama mzazi aliyejifungua jana. Choyo tu! Sisi vyetu tumevitoa vipunge upepo. Visivyopata mteja huhamia kwa muuza karanga, na hapo Shaaban Robert husomwa ukurasa mmoja mmoja, tena wenye chumvi.

Maktabani nako kumependeza. Rafu ni nyeupe, hazina hata vumbi, na mlangoni wamebandika tangazo jipya: “Mikoba iachwe nje. Tunalinda vitabu.”